Ijumaa Kuu sio matanga ya Yesu, na sio siku ya kuruka ili ufike Jumapili

Mwaka huu wa 2026 kalenda imetukalia vizuri. Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Pasaka yenyewe tarehe 5, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, halafu tarehe 7 ni Siku ya Karume, yaani ukichanganya na Jumamosi unapata siku 5 mfululizo bila kwenda ofisini, na hapa Dar watu wameshaanza kujipanga, mara ofa za hoteli Kigamboni na Bagamoyo, mara boti za Zanzibar, mara wikendi ndefu ya kuanzia Alhamisi usiku. Na kama kawaida ugomvi nao umeshafika kwenye magrupu ya WhatsApp ya jumuiya na ya kwaya. Upande mmoja wanasema hiyo ni siku ya huzuni, siku aliyokufa Bwana wetu, anayefungulia muziki au kwenda bichi siku hiyo hana hofu ya Mungu. Upande wa pili, na huu naona unazidi kupata watu, wanasema Yesu hayupo kaburini, kafufuka, sasa unamlilia nani, hiyo nayo ni siku ya ushindi, tupige vigelegele tangu asubuhi.

Mi naona wote wawili wanagombania swali ambalo lilishajibiwa. Wanabishana kuhusu kumlilia Yesu, mmoja anasema tulie, mwingine anasema tusilie, wakati Yesu mwenyewe akiwa njiani kwenda Golgota aliwageukia wanawake waliokuwa wanamlilia akawaambia, "Enyi binti za Yerusalemu, msinililie mimi, bali jililieni nafsi zenu na watoto wenu." Iko Luka 23:28, na kwenye Njia ya Msalaba ni kituo cha 8, tunakipita kila Ijumaa ya Kwaresima tukiimba. Kwa hiyo hoja yangu ni kwamba Ijumaa Kuu sio matanga ya Yesu tunayoyarudia kila mwaka kana kwamba hatujui kilichotokea siku ya tatu. Ni siku Kanisa linapokaa mbele ya msalaba na kukubali kuona mambo mawili kwa pamoja, kwamba binadamu anaweza kumfanyia nini mtu asiye na wa kumtetea, na Mungu alifanya nini alipofanyiwa hayo yeye mwenyewe. Ukiiruka siku hiyo, Pasaka yako inakuwa sherehe ya kitu usichokijua, na ukiigeuza msiba unajichagulia kazi nyepesi ya kumhurumia Yesu, ile nzito ya kujitazama unaiacha.

Tuanze na ibada yenyewe maana wengi wanaobishana hawajawahi kuikalia mwanzo mpaka mwisho. Naongelea ya Kikatoliki ambayo ndiyo naijua vizuri, Walutheri wa pale Azania Front na Waanglikana wa St. Alban wana mpangilio wao ila uzito ni uleule, historia ya mateso inasomwa na watu wanakaa wanaisikiliza. Siku hiyo hakuna Misa, sio Dar tu, ni dunia nzima. Altare imevuliwa vitambaa, tabernakulo, ile sanduku ya kuhifadhia Komunyo, iko wazi na tupu, kengele zimenyamaza tangu wimbo wa Utukufu wa Misa ya Alhamisi Kuu. Saa tisa alasiri padre anaingia bila wimbo, anajilaza kifudifudi sakafuni, na kanisa zima linapiga magoti kimya. Hiyo saa tisa nayo ina historia yake, kabla ya mageuzi ya Papa Pius XII yaliyoanza kutumika 1956 ibada ilikuwa inafanyika asubuhi, na Komunyo alikuwa anapokea padre peke yake.

Sasa angalia rangi. Kama Kanisa lingetaka iwe siku ya msiba lingemvalisha padre nyeusi, na kweli zamani alivaa nyeusi, lakini tangu misale (kitabu cha sala za Misa) ya 1970 anavaa nyekundu, rangi ya damu ya mashahidi. Angalia na somo. Kila mwaka Ijumaa Kuu yanasomwa mateso kadiri ya Yohane, na Yesu wa Yohane haburuzwi na mtu. Bustanini anajitokeza mwenyewe anawauliza "Mnamtafuta nani?", mbele ya Pilato anaongea mpaka unajiuliza hapa nani anamhukumu nani, na mwisho anasema "Imekwisha" kama mtu aliyemaliza kazi aliyotumwa. Halafu angalia maombi. Msibani tunamwombea marehemu, si ndio? Ijumaa Kuu kuna maombi makuu 10, na hakuna hata moja la kumwombea Yesu, yote yanatoka nje kwenda kwa watu, kwa Papa, kwa wanaojiandaa kubatizwa, kwa Wayahudi, kwa wasiomwamini Kristo, kwa wasioamini Mungu kabisa, kwa wenye madaraka serikalini, na la mwisho kwa wote walio kwenye taabu. Hivi kweli huo ni mpangilio wa matanga? Mi siuoni.

Kisha unakuja msalaba, watu wanatoka mmojammoja kwenda kuubusu. Kwenye parokia zetu za huku uswahilini hiyo foleni ni ndefu kwelikweli, feni za juu zinazungusha hewa ya moto tu, nje masika imeshatengeneza matope, watu wanavua viatu wanaviacha kwenye benchi, kuna konda bado ana sare ya kazi, kuna bibi kashikwa mkono na mjukuu. Mtumishi wa altare amesimama na kitambaa cheupe, kila mtu akibusu miguu ya Yesu yeye anapafuta, anapafuta palepale, mpaka kwenye vidole vya ile sanamu rangi imebanduka na plasta inaonekana. Niliwahi kumwona mama mmoja kafika mbele, hakubusu, aliegemeza tu paji la uso kwenye magoti ya sanamu akatulia, kijana wa kitambaa akasubiri, foleni nzima ikasubiri, hakuna aliyemharakisha. Yule mama alikuja na lake, na alilileta pale kwa sababu hapo ndipo linapopokelewa. Siku nyingine za mwaka kanisani kwetu kuna haraka, kuna matangazo, kuna sadaka ya pili na ya tatu. Ijumaa Kuu foleni inasubiri.

Wanaosema tushangilie wana hoja za kweli na lazima zipewe heshima yake. Ya kwanza ni ya kihistoria. Karne za mwanzo Wakristo hawakuwa na Ijumaa Kuu iliyosimama peke yake kama tunavyoijua leo, walikuwa na Pasaka moja, mkesha mmoja uliobeba kifo na ufufuko kwa pamoja. Mgawanyo wa siku unaonekana vizuri kuanzia karne ya 4 pale Yerusalemu. Ya pili ni ya imani yenyewe, hakuna Mkristo anayesimama Ijumaa Kuu bila kujua habari ya Jumapili, hatuwezi kuigiza kwamba hatujui, na mtu akijilazimisha huzuni ya kuigiza hiyo sio sala. Ya tatu ni ya kichungaji, wapo waliolelewa kwenye dini ya kutishwa, msalaba ukatumika kuwaambia wao ni wabaya wabaya wabaya tu, wakatoka pale wamevunjika, kwa hiyo wakisikia mchungaji anasema "Ijumaa Kuu ni siku yako ya ushindi" wanapumua. Hilo nalielewa kabisa.

Ila hizo hoja haziwafikishi pale wanapotaka kwenda. Hao hao Wakristo wa kwanza waliokuwa na mkesha mmoja walikuwa wanafunga kabla yake, wengine siku moja, wengine mbili, wengine saa 40, hawakuingia kwenye furaha kwa kuruka ukuta. Na pale Yerusalemu miaka ya 380 kuna mama msafiri anaitwa Egeria aliandika alichokiona kwa macho yake, askofu ameketi Golgota, mti wa msalaba umewekwa mezani kaushika kwa mikono yake, mashemasi wamesimama pembeni wanaulinda maana inasemekana kuna mtu aliwahi kuja kubusu akang'ata kipande akaondoka nacho. Halafu kuanzia saa sita mpaka saa tisa yakasomwa masomo ya mateso, na anasema watu walilia, wakubwa kwa wadogo, kilio kisichoelezeka. Hao walikuwa wanasimama hatua chache tu kutoka kwenye kaburi tupu! Walijua kuliko sisi kwamba kafufuka, wakalia, na Jumapili wakashangilia palepale. Mtume Paulo naye, aliyeandika mistari mikubwa kabisa kuhusu ufufuko, aliwaambia Wakorintho aliazimu asijue neno lolote kwao "ila Yesu Kristo, naye amesulibiwa". Na Yesu mfufuka alipomtokea Tomaso alimwonyesha nini? Alama za misumari na ubavu uliochomwa. Ufufuko haukufuta Ijumaa, ulikuja nayo mwilini.

Hoja dhaifu kuliko zote upande huu, na ndiyo inayosambaa sana kwenye stetasi, ni ile inayosema kuhuzunika Ijumaa Kuu ni kukosa imani. Hii haisimami hata dakika moja. Aliyesema "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa" ni nani? Aliyelia kwa sauti kuu "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ni nani? Kama huzuni ni kukosa imani basi wa kwanza kukosa imani ni Yesu mwenyewe, na hapo hakuna Mkristo atakayekubali kufika. Yale maneno ni mwanzo wa Zaburi ya 22, na zaburi hiyo inaishia kwenye sifa, kweli, lakini inafika kwenye sifa kwa kupitia mifupa inayohesabika na nguo zinazopigiwa kura, haina njia ya mkato. Martin Luther mwaka 1518 pale Heidelberg alilisema hili vizuri, kwamba mwanateolojia wa utukufu anaita ubaya wema na wema ubaya, ila mwanateolojia wa msalaba anaita kitu kama kilivyo. Na mi nawauliza wachungaji wetu wa ushindi, mtu aliyemzika mtoto Februari akija kanisani Ijumaa Kuu akakuta ngoma na mabango ya "mwaka wa kupaa" mnampa nini cha kushika? Mnamwambia aharakishe. Na hiyo ndiyo siku pekee ya mwaka iliyowekwa rasmi ili asiharakishwe.

Sasa upande wa pili, wa huzuni, maana nao siwaachi. Wanachokilinda ni kitu cha thamani, wanajua kwamba siku ikishakuwa kama siku nyingine yoyote hairudi kirahisi, na wana haki kuumia wakiona kifo cha Bwana wao kimekuwa kisingizio cha ofa ya bia mbili kwa bei ya moja. Tatizo linaanza huzuni ikishakuwa ya kumlilia Yesu tu. Ukimlilia mtu aliyeuawa, swali linalofuata siku zote ni nani kamuua, na ukishauliza hivyo ukiwa umejitoa mwenyewe kwenye orodha, utampata mwingine. Kanisa lilipita hapo na historia yake ni ya aibu. Kwa karne nyingi huko Ulaya Ijumaa Kuu ilikuwa siku ya hatari kwa Wayahudi, watu wanatoka kanisani wamejaa hasira ya kumtetea Yesu wanakwenda kuwapiga majirani zao, na yale maombi makuu ya siku hiyo yalikuwa yanawaita Wayahudi kwa neno la kuwadhalilisha mpaka Papa Yohane XXIII alipoagiza liondolewe mwaka 1959. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano wa maaskofu wa dunia nzima, ukaweka wazi kwamba kifo cha Yesu hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala hawa wa leo. Ona ilivyochukua muda. Hayo yote yalitokea kwa sababu watu walilia kweli, machozi ya kweli kabisa, ila walimlilia yeye, ile nusu ya pili ya sentensi yake, "jililieni nafsi zenu", hawakuisikia.

Kuna na hawa wanaotaka serikali ifunge baa na kumbi Ijumaa Kuu. Hii nayo siiungi mkono. Ireland ilikataza kuuza pombe Ijumaa Kuu kwa sheria ya mwaka 1927, ikaondoa katazo hilo 2018, miaka zaidi ya 90, na katikati hapo makanisa ya Ireland yaliendelea kupungua watu huku baa zimefungwa. Komeo la mlango wa baa halijawahi kumpigisha mtu magoti. Isitoshe hapa ni Dar es Salaam. Siku hiyohiyo ya Ijumaa saa saba mchana misikiti imejaa mpaka watu wanaswali barabarani, na majirani zetu Waislamu hawaamini kwamba Isa alisulubiwa, wanalo kwenye Qur'ani, sura ya An-Nisaa, na wanaishi na sisi kwa amani wakijua sisi tunaamini tofauti. Kuwataka wao na wengine wote wanyamaze kwa sababu yetu ni kuhamishia kwa jirani kazi tuliyopewa sisi. Yesu mwenyewe alisulubiwa karibu na mji, watu wakipita njiani na shughuli zao. Ibada ya Ijumaa Kuu kufanyika huku bodaboda zinapiga honi nje sio kasoro, ndivyo ilivyokuwa hata siku yenyewe.

Na hapo ndipo nafika kwenye kiini. Msalaba ulikuwa adhabu ya hadharani. Warumi walitundika watumwa na waasi kando ya barabara ili kila apitaye aone na ajifunze kunyamaza, baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus mwaka 71 kabla ya Kristo walitundika watu 6,000 kwenye barabara ya kutoka Capua kwenda Roma. Kwa hiyo hadithi ya mateso haina watu wawili tu, Yesu na muuaji wake. Ina umati. Kuna Pilato anayejua kabisa mtu huyu hana kosa lakini ananawa mikono kwa sababu ya kelele, kuna Petro anaota moto na kukana, kuna askari wanagawana nguo, kuna wanaopita wakitikisa vichwa, kuna Simoni wa Kirene, Mwafrika wa kutoka sehemu ambayo leo ni Libya, alikuwa anatoka zake shamba wakamkamata wakambebesha msalaba kwa nguvu, kuna mama na wanawake wachache waliobaki wamesimama. Ukisoma taratibu utajikuta umo, na mara nyingi sio pale ulipotaka kuwa.

Sisi wa Dar huo umati tunaujua, hatuhitaji kuelezewa na profesa. Mtu akipiga kelele "mwizi!" pale stendi, ndani ya dakika 2 kuna aliyeokota jiwe, kuna aliyeleta tairi, kuna aliyekwenda kutafuta petroli kwenye chupa ya maji, na wengi kuliko wote hao hawajagusa kitu, wameinua simu wanarekodi. Hakuna aliyeuliza kaiba nini, kwa nani. Jioni video iko kwenye magrupu, na kwenye magrupu hayohayo kesho yake asubuhi linatumwa Neno la siku. Ijumaa Kuu ikiwa na maana yoyote ya kiroho kwa mtu wa mji huu basi inaanzia hapo, kwamba Mungu tunayemwabudu aliwahi kuwa yule aliyeko katikati ya duara, na sisi tulikuwa tunalizungusha. Na kilichonishangaza siku zote sio kwamba alikufa, watu wengi wasio na hatia wamekufa, ni kwamba kutoka katikati ya duara alisema "Baba, uwasamehe". Huo msamaha hauna maana kwa mtu anayesema mi sikuwepo. Unampata yule tu anayekubali kwamba alikuwepo. Ndiyo maana nasema ile huzuni ya siku hii ni mlango wa furaha na sio adui yake, mtu anayekubali kujiona kwenye umati ndiye pekee anayeweza kusikia Jumapili kama habari njema, wengine wote inawafikia kama tangazo la sikukuu.

Kuna jambo ambalo mwaka huu siwezi kuandika kuhusu Ijumaa Kuu nikalinyamazia. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na siku zilizofuata watu waliuawa nchini kwetu, na hapa Dar tulikaa ndani kwa amri ya kutotoka huku intaneti imezimwa. Idadi yao inabishaniwa, lakini kwamba watu walikufa hakuna anayebisha, Rais mwenyewe alitoa pole bungeni Novemba na tume ya kuchunguza ikaundwa. Kuna familia zilizosema wazi kwamba hazijapata hata mwili wa kuzika. Sasa soma mwisho wa mateso, sehemu ambayo kwa kawaida tunaisikiliza tumeshachoka tunataka kwenda nyumbani. Yusufu wa Arimathaya anakwenda kwa Pilato kuomba mwili. Tajiri mwenye heshima zake, mfuasi wa siri kwa hofu, anakwenda kwa mwenye madaraka kusema naomba mwili wa huyu niuzike. Pilato akampa. Kuna akina mama Tanzania mwaka huu watasikia hiyo sentensi wakiwa wamekaa kwenye benchi na wataisikia tofauti na mimi na wewe.

Ndiyo maana naogopa haraka ya kwenda Jumapili, kwa sababu haraka hiyo haiishii kanisani. Ni haraka ileile inayosema yaliyopita si ndwele tugange yajayo, tusonge mbele, tudumishe amani. Amani naitaka, kila mtu anaitaka, na maridhiano ni neno la Kikristo kabisa. Ila Mungu wa Biblia hakufanya maridhiano kwa kuruka siku ya kuuawa, aliipitia yote mpaka kaburini, akakaa humo Jumamosi nzima. Kanisa linalojua kukaa Ijumaa Kuu bila kukimbia ndilo litakaloweza kukaa na mama asiye na kaburi la kutembelea bila kumwambia "utasahau". Lile ombi la 10, la walio kwenye taabu, limeandikwa kwa jumla, lakini hakuna kinachozuia jumuiya kukaa kabla ya Ijumaa na kutajana ni nani hasa mtaani kwetu yuko humo, aliyefiwa, aliyeko Muhimbili, aliyeko gerezani, asiyejulikana alipo, watu waingie kwenye ibada wakijua majina.

Kuhusu kufunga nitasema kidogo tu kwa sababu hapa kila mtu anajua sheria na wachache wanajua sababu. Kwa Wakatoliki siku za lazima kufunga ni 2 tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mwenye miaka 18 mpaka 59, na kujinyima nyama kunaanzia miaka 14. Basi mtu anaacha nyama kweli, halafu anaagiza sato mzima wa kuchoma na ndizi na kachumbari, wageni 6 mezani, na anasema nimefunga. Samaki hana kosa, ila hapo hakuna kilichopungua. Mfungo wa siku hiyo ni wa kuacha mwili nao ujue kwamba leo kuna kitu kimekosekana, na pesa ambayo haikununua chakula iende kwa mwenye njaa, na kama haikwenda popote ulichofanya ni kubadilisha menyu.

Mwenye kusafiri asafiri, siku 5 ni siku 5 na watu wamechoka, Bagamoyo nako kuna kanisa na kuna saa tisa. Ninaowafikiria zaidi ni wale ambao hiyo wikendi ndefu haiwahusu, mlinzi wa getini, dada wa kazi, mhudumu wa hiyo hoteli ya ofa, dereva wa daladala mwenye hesabu ya bosi isiyojua sikukuu. Wengi wao ni Wakristo na mabosi wao ni Wakristo vilevile, wapo kwenye benchi la mbele. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili kwa kila saa, kwa hiyo hilo la malipo sio hisani, ni deni. Ila kabla ya pesa kuna kumwachia aende. Ibada inaanza saa tisa, haichukui hata masaa matatu, akitoka saa nane kasoro anawahi, na chakula cha jioni cha wageni wako mnaweza kukipika wenyewe.